Taulo la Kung'ata

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Naiulizia miguu kwanza kwa sababu ukiulizwa wewe utasema hujambo hata kama umelala sakafuni. Fundi cherehani wa jirani hajambo? Na mwalimu wa hesabu, bado anakuja saluni kwako kila mwisho wa mwezi na kuanza kutukana tangu mlangoni?

Mimi sijambo, ila nimechoka. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Nimepanga chumba pamoja na mwenzangu wa kazini, msichana wa kucha. Yeye anarudi ananuka rangi, mimi narudi nanuka nta, na dirisha ni moja. Saluni iko ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ina vitanda vinne na pazia kati ya kitanda na kitanda, kwa hiyo mteja wangu akipiga kelele, wote wanasikia.

Na wanapiga kelele, Shangazi. Hapo ndipo penye shida.

Siku ya kwanza nilipewa mama mmoja, karani wa benki, mtu mtaratibu, anataka miguu tu. Nikapasha nta, nikapanga vitambaa vya kuvutia nta, nikamkunjia taulo dogo vizuri nikampa mkononi. Akaniuliza, "La nini hili?" Nikamjibu, "La kung'ata." Yule mama aliniangalia, akaliangalia taulo, halafu akaanza kutafuta viatu vyake. Msimamizi wetu akaja mbio. Tunamwita Kengele, kwa sababu sauti yake inasikika mpaka dukani chini. Akaniambia mbele ya watu, "Binti, hapa hatung'oi meno." Wenzangu walicheka mpaka wakashikilia mapazia. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa sijui kama kuna mahali watu wanatolewa nywele bila kung'ata kitu. Kazi yangu ya kwanza kwako, kabla hata sijafikia meza, ilikuwa kukunja mataulo ya kung'ata.

Lakini tatizo si taulo peke yake. Wateja kadhaa wameondoka ngozi imevilia damu. Mmoja alirudi baada ya siku chache tu, nywele zimeshachomoza, akadai nimemnyoa kwa wembe huku nikimdanganya kwa nta. Kengele amesema niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Juni. Nikiweza, napewa kitanda changu. Nikishindwa, nashuka chini kufua mataulo au narudi nyumbani.

Sitaki kurudi nimeshindwa. Siku naondoka uliwaambia wateja wote kwamba mkono wangu ni mkono wako. Niambie unafanyaje ili isiume. Nieleze yote, kama unamweleza mtu asiyejua kitu.

Mwanao.


Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu imevimba kama kawaida yake, jioni viatu vinakataa kutoka. Hiyo ndiyo salamu yao kwako. Fundi cherehani yuko palepale ulipomwacha, kwenye kigoda chake. Nadhani watamzika nacho. Mwalimu alikuja, akatukana, akang'ata taulo, akaniambia mimi ni muuaji, kisha akauliza kama mwezi ujao nina nafasi.

Umefanya vizuri kuandika. Usinipigie simu mchana, mikono yangu ina nta mpaka kwenye viwiko, na ile simu yako ya mwisho iliniganda sikioni. Barua inanisubiri mpaka nikauke.

Sasa sikiliza, maana naona umeondoka na masikio mazito. Nta yako ina joto gani? Hapo mnapasha kwa mashine, nimesikia, na mashine haina ngozi. Jipake kwanza wewe mwenyewe, upande wa ndani wa mkono. Ikikufanya utoe sauti, iache ipoe. Ikivutika kama asali ya asubuhi, iko tayari. Mteja aje ameoga maji ya uvuguvugu na hajapaka mafuta, maana juu ya mafuta nta inateleza, utarudia mara tatu na ngozi itakuchukia. Paka poda kidogo, ikaushe jasho. Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele. Zikiwa fupi, mrudishe nyumbani akasubiri. Zikiwa ndefu, zikate kwa mkasi kwanza, usizivute na urefu wake kama unamburuta mtu.

Paka kufuata nywele zinakolala, vuta kinyume chake. Mkono mmoja unavuta, mwingine umeikaza ngozi. Ukishavuta tu, weka kiganja hapohapo ukandamize. Wengi wanasahau hilo, na hilo ni nusu ya kazi. Usiguse sehemu moja zaidi ya mara mbili. Mwanamke aliye karibu na siku zake mwambie arudi wiki nyingine, mwili wake unasikia kila kitu. Na umwongeleshe. Muulize habari ya mtu asiyempenda. Atakuwa katikati ya maneno na wewe utakuwa umeshavuta.

Kuhusu kuvuta kwenyewe sina la kukufundisha. Umesimama mbele yangu tangu ulipoletwa kwangu huna meno ya mbele. Vuta kama ulivyoniona.

Na huyo Kengele asikutishe na taulo. Wanawake wa siku hizi wamedeka. Nilipoanza kazi hii hakuna aliyeng'ata kitu, walikuwa wanalala hapa wanapiga soga. Sasa ukimgusa mtu tu, ukuta unatetemeka. Taulo ni huruma yangu kwao.

Unasema msichana wa kucha anafanya kazi amekaa? Basi mpe pole. Kazi ya kukaa ni ya fundi cherehani, na yeye namcheka kila siku. Mimi nimesimama maisha yangu yote, na nitaanguka nimesimama.

Kula vizuri.

Shangazi yako.


Tarehe 14 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natamani kukuuliza habari zako kwa urefu lakini barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi, na nikianza na maneno matamu nitaogopa kufika mwisho. Basi niambie tu kama u mzima.

Uliyoniambia yamesaidia. Ile ya kujipaka mwenyewe kwanza, ile ya poda, ile ya kiganja, zote zimenisaidia. Hata ile ya mtu asiyependwa. Karani mwingine alinisimulia habari za wifi yake mguu mzima, akasahau kulia. Kengele akapita, akasikia kimya, akarudi kuhakikisha kama mteja yuko hai.

Lakini ngozi bado inavilia, na nywele bado zinarudi mapema. Juzi Kengele akavuta kiti akakaa nyuma yangu, akatazama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akasema, "Binti, unazikata nywele, huzitoi. Unavuta kwenda juu kama mtu anayeng'oa magugu. Kitambaa kinatakiwa kirudi kimelala, kikwaruze ngozi ileile kilikotoka. Ukikipeleka juu, unainua nyama pamoja na nywele. Ndiyo maana wanavilia, ndiyo maana zinakatikia njiani. Nani amekufundisha hivyo?"

Nikamwambia amenifundisha mtu ambaye wateja wake hawajamkimbia tangu sijazaliwa. Akasema, "Sijauliza kama ni mtu mwema." Kesho yake nikashushwa kufua mataulo.

Kule chini kuna kioo kirefu kilichopasuka, walikileta kutoka juu wakakisahau. Nilikuwa peke yangu, nikachukua kitambaa, nikaweka mguu juu ya ndoo, nikajaribu bila nta, nivute tu nijione. Mkono ukapaa. Nikajaribu kuulaza, ukapaa tena. Nikaangalia ule mkono kwenye kioo, kifundo kimekakamaa, kiwiko kimetoka nje, bega limepanda. Shangazi, haukuwa mkono wangu. Ulikuwa wako.

Mimi sijawahi kukiona kifundo cha mkono wako kikipinda. Uliponilea kilikuwa kimeshavunjika, ulishaanguka kwenye ile ngazi ukitundika kibao cha saluni, na mfupa ulishaunga vibaya. Nilikuwa najua. Nilikuwa nakufungulia makopo na kukukamulia nguo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba hata kuvuta kwako ni kwa sababu hiyo. Mimi niliona unavuta hivyo, nikajua ndivyo inavyovutwa. Kifundo changu ni kizima, na nimekizoesha kufanya kazi kama kilichovunjika.

Sikulaumu. Ila nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Nimechoka, mikono imechubuka kwa sabuni. Na nikikumbuka wale wanawake wote walioyang'ata yale mataulo niliyowakunjia, nashindwa kulala.

Niambie kama nimekosea. Nitafurahi sana nikiwa nimekosea.

Mwanao.


Tarehe 22 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilijiambia labda barua imepotea, halafu nikajiambia labda haikupotea. Kama ungekuwa unaumwa fundi angeniarifu. Kwa hiyo najua u mzima na umeninunia.

Kununa si haki yako peke yako, lakini mimi sijui kukununia kwa muda mrefu. Nilikuandikia nikiwa na hasira, nikakuandikia kama vile kuvunjika lilikuwa kosa lako. Nisamehe kwa hilo. Kwa yale mengine siwezi kuomba msamaha kwa sababu ni kweli.

Sasa nikupe habari. Najifunza upya kila jioni. Msichana wa kucha amenikopesha miguu yake, maskini, na anasema anastahili nishani. Nilifika jioni moja nimefua tangu asubuhi, miguu inawaka moto, sina nguvu hata ya kusimama. Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikamvuta hivyohivyo nimekaa. Mkono ukalala wenyewe. Sikuulazimisha. Akaniuliza kwa nini leo haimuumi.

Nikaanza kufikiri habari yako. Nikachukua mwiko wa mbao, nikaufunga kwenye kifundo changu kwa vitambaa, nikakaza kabisa kisipinde, kama chako. Nikasimama, nikavuta. Mkono ukapaa, msichana akaruka. Nikakaa, nikavuta. Mkono ukalala. Nikarudia mpaka akaniambia hana tena nywele za kunipa.

Ni hivi, Shangazi. Ukisimama, mkono wako unatoka juu, na ili kitambaa kilale inabidi kifundo kipinde. Chako hakipindi, basi kitambaa kinakwenda juu. Ukikaa, kiwiko kinakuwa sawa na kitanda, mkono mzima unarudi nyuma umenyooka, na kifundo hakina kazi ya kufanya. Kiwiko kiguse shuka, basi. Si mkono wako ulioharibu. Ni kusimama.

Kaa, Shangazi. Hilo tu ndilo nililotaka kukuambia.

Mwanao.


Tarehe 1 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ni fupi kwa sababu sijui kama inasomwa.

Kengele alinipandisha juu wiki iliyopita, akajilaza yeye mwenyewe kitandani kwangu. Akasema, "Haya." Makwapa yote mawili. Sikumpa taulo, na yeye hakuliomba. Nilipomaliza alikaa akajishika, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Kitanda cha dirishani ni chako."

Nilitoka nje kwenye ngazi nikalia. Nilikuwa nataka kukuambia wewe kabla ya mtu mwingine, na nilikuwa sina namba ya kupiga, kwa sababu simu yako imezimwa tangu Aprili. Nikamwambia muuza viatu. Akanipa hongera, mtu wa watu, lakini haikuwa sawa.

Natamani neno moja tu kutoka kwako. Hata tusi.

Mwanao.


Tarehe 29 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hizo ni za barua tatu nilizokunyima. Hongera kwa kitanda cha dirishani. Nimeisoma barua ile kwa sauti mbele ya fundi cherehani, mpaka akaniambia tumeshaielewa, bibi.

Barua zako zote zilifika. Hakuna iliyopotea. Ya Aprili niliisoma mara moja nikaiweka chini ya mfuko wa sukari, nikakuita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilisema, huyu nimemlisha, nimemsuka, nimempa kazi ya mikono, leo anakwenda kuambiwa na watu kwamba mimi kilema ndiye nimemharibu. Nikazima simu. Nilitaka uipige uikute imezimwa. Ndiyo, mtu mzima hivi.

Kesho yake akaja mteja. Nikampaka, nikashika kitambaa, nikauangalia mkono wangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ukapaa. Yule mwanamke akang'ata. Akaja wa pili, ukapaa, akang'ata. Mwanangu, nilikuwa sisikii tena zile sauti zao. Zilishakuwa kama mlio wa cherehani ya jirani. Siku ile nilizisikia zote.

Nikakaa nikakumbuka. Nilikuambia mwenyewe kwamba nilipoanza hakuna aliyeng'ata kitu. Niliandika kwa mkono huuhuu na sikusikia nilichoandika. Hawakung'ata kwa sababu nilikuwa na kifundo kizima. Lile taulo la kwanza nilimpa mwanamke wa kwanza niliyemhudumia baada ya kufunguliwa plasta ya mkono. Alipiga kelele, nikashtuka, nikamkunjia taulo, nikamwambia jikaze. Na wa pili nikampa kabla hajapiga kelele. Baadaye nikasahau ngazi, nikasahau plasta, nikabaki kusema wanawake wa siku hizi wamedeka. Hawakudeka. Walikuwa wanavumilia kwa sababu wananipenda, na mimi nilidhani wananipa kazi kwa sababu najua.

Nikafunga saluni. Niliwaambia watu ni miguu, na miguu kweli ilikuwepo, lakini siyo iliyofunga mlango. Nilikuwa naamka, napasha nta, naizima. Nilichoka, mwanangu. Si uchovu wa kazi, huo naujua, tumelala pamoja miaka mingi. Huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa natazama kitanda na sitaki kukigusa.

Barua yako ya Mei niliielewa vizuri sana na nikakataa. Nikasema, nikae? Mimi? Niwe kama fundi? Unajua nilivyomcheka mtu yule.

Sasa wiki iliyopita mwalimu akaja kugonga. Akagonga kwa kiganja, halafu kwa ngumi, halafu kwa kiatu. Akasema, "Muuaji, fungua, nimekuwa kama zulia." Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba mkono wangu umeharibika. Akasema, "Umeharibika tangu ulipoanguka. Sisi wote tunajua. Fungua."

Walikuwa wanajua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Nikafungua. Nikaenda kwa fundi cherehani nikasimama mlangoni, nikikitazama kigoda chake. Hakuniuliza kitu. Aliinuka, akakifuta kigoda kwa mkono wa shati, akanipa. Akashona siku nzima amesimama, na hajanicheka mpaka leo. Ningekuwa mimi ningemcheka.

Mwalimu akajilaza, taulo lake ameshalikunja mwenyewe, ameshaliweka mdomoni, macho ameyafumba. Nikakaa. Nilijiona mfupi kama mtoto. Nikapaka nta, nikakaza ngozi kwa mkono wa kushoto, nikaweka kiwiko kwenye shuka kama ulivyosema, nikavuta. Kimya. Nikaweka kiganja. Nikapaka tena, nikavuta tena. Kimya. Nilikuwa nimefika gotini alipolitoa taulo mdomoni akauliza, "Unasubiri nini? Anza." Nikamwonyesha vitambaa. Akavitazama muda mrefu, nywele zote ziko pale na mizizi yake. Hakutukana. Akalala ubavu akanisimulia habari za mkwewe mpaka nikamaliza miguu yote miwili, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa asinione machozi.

Alipoondoka hakuniita muuaji. Aliniita jina langu, na sauti yake ikawa ya ajabu, kwa sababu sijui mara ya mwisho alinitaja lini.

Sasa nimefungua. Wanakuja mmojammoja, wakiwa na wasiwasi, na mimi nina wasiwasi kuliko wao. Siku nyingine mkono unasahau unapaa, naomba radhi, naendelea. Jioni viatu vinatoka vyenyewe. Hilo ndilo linaloniliza zaidi, mwanangu, sijui kwa nini. Kumbe nilikuwa naweza kukaa.

Fundi amenichongea kigoda changu, lakini ni kigumu sana. Nimelikunja lile taulo la kung'ata, nalikalia.

Simu nimeiwasha. Piga jioni.

Shangazi yako.